Katekista Aliyetaka Kupasuliwa Tena

Ukimsalimia Katekista kwa haraka, alikurudisha. Nimemwona akimrudisha mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amempita na pikipiki akapunga mkono tu. Katekista alisimama katikati ya njia na baiskeli yake, akaita, akangoja yule mheshimiwa apunguze mwendo, ageuze, azime injini na ashuke. Ndipo akaanza naye mwanzo, kwa Kisukuma: mwangaluka, mwangaluka, mhola, mhola duhu, za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mpaka mwenyekiti akakumbuka yeye ni mtoto wa nani. "Sasa nimekuona," Katekista akamwambia. "Kabla ya hapo nilikuwa nimeona pikipiki." Kisha akamruhusu aende zake.

Kwetu Ngulyati katekista ndiye padri wa siku ambazo padri hayupo, na padri hayupo siku nyingi. Anaongoza ibada, anafundisha watoto, anatembelea wagonjwa, anazika. Huyu wetu alizifanya kazi hizo tangu mimi sijui kusoma, na hata mkewe alimwita Katekista mbele za watu. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye vyeti. Mimi sasa ni fundi cherehani Somanda, huku mjini, nashona sare za shule, nina wajukuu wawili, lakini nilikuwa nikimwona anakuja na baiskeli yake natema kwanza ninachotafuna.

Naandika habari zake kwa hasira kidogo, heri niseme mapema. Kuna watu kule kwetu, na wengine ni wa kamati ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini, wanaosema Katekista alikufa mwoga. Wanasema mtu aliyewazika wenzake miaka yote ile, akiwaambia wafiwa wakubali, zamu yake ilipofika alikataa kukubali, akang'ang'ania visu vya hospitali. Ni kweli aling'ang'ania. Kuogopa aliogopa pia. Lakini mwoga hakuwa, na waliomwita hivyo hawakuwahi kumpeleka kliniki hata siku moja.

Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye sauti nene ambayo hukuelewa inatoka wapi katika kifua kile. Mfukoni mwa shati hakukosa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama vijiti. Alitafuna michembe njiani, alitafuna akingoja watu waingie kanisani, na mara moja alisahau kipande shavuni akaanza kusoma somo la kwanza, ikabidi tungoje ammeze nabii pamoja na kiazi. Mtoto akichelewa mafundisho hakumchapa. Alimrudisha nyumbani akamuage mama yake upya, kwa kuwa aliyechelewa, alisema, lazima alitoka mbio bila kuaga. Mwendo ulikuwa mrefu na jua kali, na wengi wetu tungependa fimbo.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sifa, na akikosea hesabu ya watoto wa kipaimara alikulaumu wewe uliyehesabiwa. Kwenye maziko alikuwa mkavu. Alikuwa na msemo wake wa kufungia kaburi: "Aliyelala amelala, aliyebaki akalime." Wajane wengine hawakumsamehe. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwenye usukani wa baiskeli, na timu yake ya Dar ikifungwa hakula jioni. Kabla ya ugonjwa nilimwona akilia mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya penalti.

Na ngoma! Pamba ikishauzwa, vikundi vya ngoma hushindana siku nzima uwanjani, kila kikundi na dawa zake za kuvuta watu, na kanisa halikupenda waumini waonekane huko. Katekista aliyatangaza makatazo hayo mwenyewe, kwa sauti yake nene, kila mwaka. Kila mwaka pia alionekana huko, nyuma ya umati, shingo ndefu imenyooka juu ya vichwa vya wengine.

"Katekista, hata wewe?" mjomba wangu alimuuliza.

"Natafuta kondoo waliopotea."

"Umewapata?"

"Nimewapata. Ila wanacheza vizuri mno, siwezi kuwakatiza."

Kwa wagonjwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na maswali matatu: umekula nini, umelala, unaogopa nini. Unaumwa wapi hakuuliza. Hilo alisema ni la daktari. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, magoti yake marefu yamemfikia kidevuni, na akiuliza lile la tatu alinyamaza mpaka ajibiwe. Watu walimwambia mambo ambayo hawakumwambia padri.

Nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, aliyeishi wiki chache tu, walikuja wengi na maneno yao. Ni mapenzi ya Mungu, utapata mwingine, usilie sana. Katekista alikuja akanisalimia, salamu yote mpaka mwisho, nami nikaitikia mhola, yaani amani, huku machozi yananishuka, maana ndivyo inavyoitikiwa. Akakaa. Akanywa maji. Kisha akaniuliza upya, kwa sauti ya chini, akiniita mama kwa Kisukuma, "Haya mayu, mhola gani hiyo?" Ndipo nikasema yote, mpaka yale niliyoona aibu kuyasema. Nilipomaliza hakunipa neno. Alitoka nje akachukua ufagio, akafagia uwanja uliochafuliwa na siku za msiba, mwanaume mzima na shati lake la Jumapili. Wanaume waliokuwa chini ya turubai wakacheka, wakamwambia amwache mkewe afagie. "Mke wangu ana uwanja wake," akasema, akaendelea kufagia.

Niieleze hiyo habari ya kuuliza upya, kwa sababu ndiyo iliyotuua. Kwetu salamu ya kwanza huitikiwa kwa amani hata kama nyumba inaungua. Ukiulizwa mhola, unasema mhola. Anayemwaga shida zake mlangoni huonekana hakulelewa. Shida ina zamu yake: mgeni akishakaa, akishapewa maji, atauliza tena, na hapo unamweleza ukweli. Anayeuliza mara moja tu ni mpita njia. Kila mtoto wa Kisukuma analijua hili bila kufundishwa, na sisi tulifundishwa pia, na Katekista.

Damu ilipoanza kuonekana chooni, aliilaumu baiskeli. Alikuwa na vigango kadhaa vya kuzungukia, na siti yake ilikuwa imebaki chuma na ngozi kidogo. Akasema siti imemchubua. Mwenzake mmoja akamwambia ni bawasiri, akampa mizizi ya kuchemsha. Akanunua sponji, akaja nayo dukani kwangu nimshonee mfuko wa kuivalisha siti. Mimi sikujua ni ya nini, nilidhani mifupa imechoka. Nikamshonea kwa kitambaa cha sketi za shule, bluu, nikamtania kwamba sasa baiskeli yake ni mwanafunzi. Akapanda, akazunguka mbele ya duka mara kadhaa, bodaboda wakimpigia honi, akasema amepata kiti cha askofu. Akaendesha hivyo zaidi ya mwaka, damu ikiongezeka na yeye akiongeza sponji.

Mkewe ndiye aliyefua nguo, kwa hiyo ndiye aliyejua. Ni mwanamke mfupi, mpole wa maneno, ambaye mpaka wakati huo sikuwa nimemsikia akipandisha sauti. Siku moja alimleta hospitali ya hapa mjini akimtanguliza mbele kama ndama asiyetaka josho. Hapa wakampeleka Mwanza, na Mwanza wakakuta saratani kwenye utumbo mpana. Wakakata kipande kilichooza, wakaunganisha kilichobaki. Wakaona pia kwamba uvimbe ulikuwa umekwisha kutuma mtoto kwenye ini, upande mmoja, padogo. Alipopata nguvu wakamwita tena wakaukata na huo, pamoja na sehemu ya ini lenyewe.

Lile jambo la ini lilimfurahisha kupita kiasi. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye maneno machache na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alikuwa amemweleza kwamba ini likikatwa hujaza tena nafasi yake. Likiachiwa sehemu nzuri, linakua. Katekista alirudi na habari hiyo Ngulyati kama mtu aliyeokota ng'ombe. Alimwambia kila mtu. Aliwaonyesha vijana kovu. Jumapili padri hayupo, akasimama kwenye mahubiri akasema Mungu amemwekea binadamu kiungo kimoja kinachofufuka bila kungoja siku ya mwisho. Padri aliposikia alimwita akamwambia hayo si mafundisho ya kanisa. Akajibu kwa heshima kwamba anajua, ni mafundisho ya Mwanza.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Alirudi kwenye baiskeli, akarudi kwenye michembe, akarudi nyuma ya umati wa ngoma. Kila alipokwenda kliniki alilala kwangu, kwa sababu basi la alfajiri huondokea hapa mjini, na jioni alirudi akapata chai kabla ya kupanda bodaboda ya kwao. Alinipa habari za Mwanza, nani kapona na nani hakuonekana benchini safari hii.

Safari moja nilimwona amekaa upande, mkono chini ya mbavu za kulia. Chai hakuigusa. Nilikuwa nimeshamsalimia, ameitikia, amekunywa maji. Nikamuuliza upya.

"Haya Baba, mhola gani?"

"Hapa," akasema, akajigusa mbavuni. "Panachoma. Na chakula kinaninukia vibaya. Tangu wakati wa kupalilia."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema vizuri. Nirudi baada ya miezi sita."

"Ulimwambia panachoma?"

"Leo alikuwa kijana mwingine. Alinisalimia, akasema, mzee hujambo, kuna shida yoyote? Nikasema sijambo, hakuna shida, namshukuru Mungu. Nikamuuliza na yeye za nyumbani. Akacheka, akaandika."

"Halafu?"

"Halafu nikangoja aniulize."

"Si alikuwa amekuuliza!"

"Mara moja, mayu. Hakurudia. Akamwita mtu mwingine."

Nilimgombeza siku ile kama mtoto. Nilimwambia hospitali si sebuleni kwa mtu, kule swali ni hilohilo moja, ukilikosa umelikosa. Alinisikiliza na mikono yake mirefu magotini, na nilipozidi kumbana nikajua kwamba na safari iliyotangulia ilikuwa hivyohivyo. Nikatoka nje nikasimama ukutani, nikalia kwa hasira, na bodaboda mmoja akaniuliza kama nimeibiwa.

Simlaumu yule daktari kijana. Alikuwa na watu mpaka mlangoni, na mzee aliye mbele yake amesema kwa kinywa chake hakuna shida. Na Katekista nitamlaumu vipi? Alifika mbele ya mkubwa, akasalimiwa, akaitikia kwa adabu, akakaa kungoja zamu ya ukweli. Yeye aliyeuliza wagonjwa wote wa vigango vyake mara ya pili hakuweza kuamini kwamba kuna mahali wagonjwa huulizwa mara moja.

Tuliondoka naye upya wiki ileile, mimi na yeye. Safari hii nilianza mimi kusema kabla hata daktari hajakaa vizuri, na Katekista akanitazama kwa aibu kama mtu ambaye binti yake ameingia kwa watu na matope miguuni. Yule mama daktari alimgusa mbavuni, uso wake ukabadilika. Akampigisha picha kwenye mashine kubwa. Majibu yalipotoka akatuita sote wawili ndani, akafunga mlango.

"Imerudi kwenye ini, mzee," akasema. "Safari hii si sehemu moja."

"Si mlikata?"

"Tulikata. Imeota pengine."

"Basi kateni tena. Ulisema linakua."

Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye, na kwa hilo namshukuru. Akamweleza polepole. Kupasua ini mara ya pili kunawezekana, amewahi kufanya, watu wamepona. Lakini lazima libaki ini la kutosha kumtunza mtu, na vivimbe viwe mahali ambapo kisu kinafika bila kugusa mshipa mkubwa. Hivi vilikuwa vingi kidogo, na kimoja kilikuwa pabaya. Angempa kwanza dawa za dripu, kwa miezi. Vikisinyaa, angekata. Visiposinyaa, hapana.

"Ungekuja mapema kidogo," akasema, kisha akafunga faili. Nadhani aliona tayari tunajua.

Kule nyumbani hawakungoja dripu. Kaka yake mkubwa aliita wanaukoo, na kamati ya kigango ikaja pia, wakakaa pamoja uani kwa Katekista, nami nikiwepo, jambo ambalo halijawahi kutokea, maana kaka mtu hakanyagi kanisani. Walikubaliana upesi. Wakasema ameshapasuliwa vya kutosha. Kaka akasema mtu si gunia la pamba, kufunguliwa na kushonwa kila msimu. Mzee wa kamati akasema, kwa upole ambao nilitaka kumpiga nao, kwamba Katekista amekuwa mfano kwetu katika maisha, sasa Mungu anampa nafasi ya kuwa mfano katika kifo. Wakatikisa vichwa wote. Walikuwa wamekuja kuchukua kifo kizuri kutoka kwake, kama walivyozoea kuchukua kila kitu kutoka kwake.

"Mmemaliza?" Katekista akauliza.

Wakasema wamemaliza.

"Mimi nataka kukatwa."

"Lakini Katekista, wewe mwenyewe ulitufundisha kukubali."

"Niliwafundisha kukubali mtu akishakufa. Mimi nimekufa?"

Kaka yake akamuuliza anataka kuishi afanye nini, watoto wameshakua, mashamba yamegawiwa. Nilidhani atasema kwa ajili ya mkewe, au kazi ya Mungu, kitu ambacho wangeweza kukiheshimu. Akafikiri kidogo, mkono mbavuni. "Nataka kuona mvua," akasema. "Nataka kula michembe. Nataka kujua mwaka huu nani atashinda ngoma. Lazima mtu awe na sababu kubwa?" Mkewe, aliyekuwa jikoni, alitoka akaja kukaa chini karibu na kiti chake, mbele ya wanaume wote, na hakuondoka hapo mpaka walipoaga.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa kwa sababu habari zilikuwa zimeenea. Alisoma masomo, akaongoza sala, akafika kwenye maombi ya waumini. Mama mmoja akaomba Katekista wetu ajaliwe mwisho mwema. Watu wakaanza kuitikia, yeye akainua mkono akawanyamazisha.

"Msiniombee mwisho mwema," akasema. "Niombeeni kisu."

Hakuna aliyejua kama hiyo inaitikiwa. Nilikuwa benchi la wanawake, nikaitikia peke yangu kwa sauti kubwa, "Ee Bwana utusikie," na mkewe akaitikia baada yangu. Ndiyo siku niliyomsikia akipandisha sauti.

Dripu zilimtesa vibaya. Ulimi ulipasuka, vidole vikafa ganzi hata hakuweza kufungua kurasa, nikamsomea mimi. Alikonda mbele ya macho yangu. Akilala kwangu nilimsikia akitapika, kisha akiimba taratibu wimbo mmoja wa ngoma, ule wa kuwatukana wapinzani, kujipa moyo. Asubuhi aliniuliza kama nimesikia. Nikasema sikusikia kitu. Siku moja, tukingoja basi, nilimuuliza lile swali lake mwenyewe la tatu. Nilinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza yeye. Akatazama watu wanaopakia magunia juu ya basi, akasema, "Naogopa giza la pale, mayu. Nimewaambia watu wengi kwamba pana mwanga, na mimi sijafika." Nilimshika mkono, tukapanda basi, tukaenda hivyo mpaka Lamadi, njia ya Mwanza, watu wakitutazama.

Siku ya majibu tulikuwa watatu, mkewe naye alikuja, na kanga yake ya safari. Daktari aliweka picha ukutani. Hata mimi fundi cherehani niliona: madoa yalikuwa pande zote.

"Kwa sasa hatuwezi kukata, mzee," akasema. "Nikikata yote yaliyo mabaya, ini litakalobaki halitakutosha. Utafia mezani, na mimi sitaki ufie mezani kwangu."

"Kwa sasa," Katekista akasema.

Daktari akanitazama. Nikatazama chini.

"Nikipata nguvu? Nikinenepa?"

"Kula vizuri, mzee," daktari akasema. "Kula unachokiweza. Nitakupa dawa nzuri ya maumivu."

Kwenye basi alirudia mara nyingi. Amesema kwa sasa, mmesikia, kwa sasa. Mkewe aliitikia kila mara, ndiyo, amesema. Mimi nilikaa kiti cha nyuma yao nikimwona kisogo, jinsi shingo ilivyokuwa imebaki mishipa, na nilitaka kuushika uso wa daktari yule kwa mikono miwili nimwombe arudie kwa maneno mengine. Sikujua maneno gani.

Nilikwenda Ngulyati kumwona kwa mara ya mwisho pamba ilipokuwa inavunwa. Nyumba nzima ilikuwa shambani isipokuwa yeye na mkewe. Alikuwa amekaa nje juani, blanketi mabegani, macho yamekuwa ya njano kama ya mtu mwingine. Suruali ameikaza kiunoni kwa kamba ya katani. Tulisalimiana salamu yote, hakuruka hata moja, na ilimchukua pumzi nyingi. Mkewe alileta bakuli la uji wa ulezi, akamlisha vijiko viwili, cha tatu kikakataa kushuka. Akaufuta uji kidevuni mwake.

"Umekuja na futi yako?" akaniuliza.

Futi siiachi, iko kwenye pochi siku zote.

"Nipime suruali. Hii ni aibu, inaanguka mbele ya wageni."

Nikajua ni nguo gani. Wazee wetu hufanya hivyo, huandaa nguo ya safari mapema ili wasiwasumbue watoto. Nikauliza anataka rangi gani, nikasema ninacho kitambaa cheusi kizuri cha suti, cha heshima.

"Cheusi cha nini?" akasema, na kwa sekunde moja ile sauti nene ilirudi. "Si ya kuzikiwa! Ni ya kwendea Mwanza. Nishonee ya kijivu, haionyeshi vumbi la njiani."

Mkewe aligeuka akatazama shambani.

Nikamsimamisha. Alikuwa mwepesi, nilimwinua kwa mkono mmoja. Aliniegemea begani nikazungusha futi kiunoni, nikasoma, nikafikiri nimekosea, nikazungusha tena. Ndicho kiuno ninachowapima watoto wa darasa la tano. Alikuwa ananitazama usoni kuona nitasema nini, nami sikusema namba. Nikaandika.

"Usinibane," akasema. "Nikianza kula nitanenepa. Acha nafasi ya kufungua."

"Nitaacha, Baba."

"Nyingi."

"Nitaacha nyingi."

Wazazi wote wanaoniletea watoto mwezi wa kwanza huniambia hivyo, fundi, mwachie nafasi, huyu anakua. Mtoto naachia vidole viwili kila upande, na inatosha mpaka mwaka uishe. Nilirudi Somanda jioni ileile, nikatandika kitambaa cha kijivu mezani, nikachora kile kiuno kidogo kwa chaki katikati. Kisha nikashika mkasi, na sikuweza kupunguza. Nilimwachia kitambaa chote kilichobaki.